Nyati wa babu na madoa niliyoyafuta

Najua nimekuwa kimya muda mrefu. Mara ya mwisho kuandika humu ilikuwa kabla ya UE, halafu yakaja mambo ya kurudi nyumbani, bumu kuchelewa, na uvivu ambao sina wa kumsingizia. Leo nina kisa. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa historia (wale wa sheria msinicheke), kitakuwa na miaka miaka ndani yake, mnivumilie. Ni kisa cha nyati, picha za nyati, na jinsi nilivyojifanya fundi wa kusafisha picha ya zamani nikaishia kuumbuka mbele ya babu yangu mzaa mama.

Kilianzia Mikumi. Mwezi wa tisa tulichanga hela watu kumi na wawili tukakodi basi dogo tukaenda kushangaa wanyama. Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa hadi Zambia inaikata katikati kwa kama kilomita 50, kiasi kwamba abiria wa basi la Mbeya anaona twiga bila kulipa kiingilio. Sisi tulilipa, tukaingia ndani kabisa, uwanda wa Mkata. Mimi nilikuwa nimeazima kamera ya mshikaji wangu wa Block D, ina lenzi ndefu kama chupa ya chai. Wenzangu walitaka simba. Mimi nilikuwa nawawinda nyati, kwa sababu ambayo mtaiona mbele.

Tuliwakuta saa tano asubuhi, kundi kubwa, na madume matatu manne yamejitenga pembeni. Si mnajua mtu akipandisha hasira tunasema amekuwa mbogo? Basi dume mmoja aliinua kichwa akatutazama, kimya kilichotanda ndani ya basi sijawahi kukisikia hata kwenye chumba cha mtihani. Dereva akazima injini ili gari lisitetemeke. Nikapiga picha kama sitini hivi. Jioni nazifungua kwenye laptop, Mungu wangu! Nyati wote weusi tii, hawana macho, hawana pua. Kama magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya barabara yakisubiri wateja.

Mshikaji mwenye kamera akanielewesha, na kwa kuwa wengi humu mnapiga picha kwa simu tatizo ni lile lile. Kamera haijui nyati ni nini. Inapima mwanga wa eneo zima. Ikiona majani makavu yanang'aa na anga la saa tano, inasema mwanga ni mwingi mno, inaupunguza, na nyati ambaye ni mweusi tayari anageuka gunia. Ukiiambia impime nyati peke yake inafanya kinyume: inamlazimisha awe wa kijivu, halafu majani na anga vinaungua vinakuwa vyeupe pe. Dawa yake ni kuamka alfajiri au kungoja jioni, jua likiwa chini na limemchoma mnyama ubavuni, kuongeza mwanga kidogo kwa mkono, na kusubiri ainue kichwa. Jicho likipata nukta ya mwanga, basi nyati yupo. Tulifika saa tano kwa sababu kuna watu wawili walichelewa kuamka. Wanajijua.

Sasa mimi nikipata tatizo nakimbilia maktaba (ndiyo maana sina mchumba). Nikajiuliza, kama mimi na kamera ya kisasa nimeshindwa, wale wa zamani waliwezaje?

Nikaanza na Mjerumani mmoja, Carl Georg Schillings, alizaliwa 1865, akafa 1921. Huyu bwana alizunguka nyika za Kilimanjaro na Umasai enzi za Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka 1905 akatoa kitabu chenye picha zaidi ya 300, akaitwa kila mahali kueleza alivyozipata. Kamera zake zilitumia vioo, siyo filamu. Kila picha ni kioo kimoja, na vioo vile vilibebwa vichwani na wapagazi siku nyingi porini. Usiku alitega kamera karibu na maji au karibu na mnyama aliyefungwa kama chambo, anaunganisha uzi, simba akija anauvuta mwenyewe, unga wa magnesi unalipuka pwaa! na picha imepigwa. Hebu mfikirie simba wa mwaka 1903 anayekutana na kitu kile.

Kilichonigusa zaidi ni ukurasa wa kwanza wa kitabu chake. Pale chini ya jina la kitabu ametangaza kabisa kwamba picha zake zimechapwa kwa uaminifu kama hati. Kwa nini mtu aanze kwa kujitetea? Kwa sababu enzi hizo ilikuwa kawaida wachapaji kurekebisha picha kwa brashi na wino kabla ya kuzitoa. Vioo vya wakati ule vilikuwa na matatizo yake. Vingi havikuona rangi nyekundu, kwa hiyo udongo mwekundu na tope la kahawia mgongoni mwa mnyama vilitoka vyeusi kuliko vilivyo. Bluu nayo viliiona kupita kiasi, anga lote likawa jeupe tupu, mawingu hayaonekani. Basi mafundi wakawa wanapachika mawingu kutoka picha nyingine. Kwa hiyo msidhani kuchakachua picha kulikuja na kompyuta.

Halafu nikagundua jambo jingine. Ukifungua vitabu vya picha vya miaka ile, pundamilia wamejaa, twiga, faru, simba. Nyati ambaye leo Mikumi ni wa kumwaga, kule ni wa kutafuta. Nikadhani ni ule weusi wake na ukali wake. Kumbe pia kuna sotoka.

Hii sotoka tuliisoma kidato cha tatu mstari mmoja tukapita. Ni ugonjwa wa ng'ombe, uliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na ng'ombe walioletwa na jeshi la Waitaliano. Kufikia 1890 na 1891 ulikuwa umeshafika huku kwetu, na 1897 ukawa umefika Rasi, mwisho wa bara. Ng'ombe walikufa, sehemu nyingi tisa katika kila kumi. Nao nyati, ambao ni ndugu wa ng'ombe, walikufa nao, na pofu na tandala na nyumbu. Mwezi wa tatu mwaka 1892 Oscar Baumann alipita Ngorongoro akakuta Wamasai wamebaki mifupa mitupu kwa njaa. Ukiongeza ndui na ukame wa miaka hiyo, unapata nchi iliyokuwa imetoka msibani.

Sasa pigeni hesabu. Akina Schillings na kamera zao walikuja miaka kumi tu baada ya hapo. Wakakuta mbuga tupu, wakaandika kwamba hiki ni kipande cha dunia ambacho hakijaguswa. Hakijaguswa wapi jamani! Watu, ng'ombe na nyati walikuwa wamekufa juzi tu. Zile picha zinazouzwa leo kama Afrika ya asili ni picha za baada ya tanga.

Ya pili ni hii. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuja kuwinda Kenya na mwanawe Kermit, ambaye ndiye alipiga picha nyingi. Nyati waliwapata kwenye shamba la mlowezi huko kwenye mabwawa ya Kamiti, Kamiti ile ile ambayo leo ukimtajia Mkenya anafikiria gereza. Picha za namna ile za enzi zile mnazijua: mnyama amelala, mzungu na bunduki, na pembeni Mwafrika mmoja au wawili wamesimama. Mnyama aliyekufa hatikisiki, kamera za polepole zinampata vizuri. Maelezo chini yanataja jina la mwindaji, na pengine upana wa pembe kwa inchi. Wale wa pembeni ni "wabeba bunduki". Mara nyingine ni bega tu limeingia kwenye picha, halijatajwa kabisa. Nilipita juu ya picha hizo nikiwa nimekunja uso kishujaa, nikaandika kwenye daftari langu "wamefutwa katika historia", nikajiona msomi.

Shikeni hapo, maana ndipo ninapoumbuka.

Babu yangu alikuwa askari wa hifadhi Mikumi miaka ya sabini. Sasa yuko Kilosa, analima kidogo, anasikiliza redio sana. Ana picha moja tu ya kazi yake. Mgeni aliyemzungusha mwaka 1974 aliipiga, akarudi kwao, akaituma kwa posta miezi kadhaa baadaye. Ni picha ndogo ya rangi, ya kuenea kiganjani. Nyuma yake kuna kalamu ya wino, mwaka, jina la hifadhi, na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "nyati na mwongozaji". Hiyo ndiyo sababu ya mimi kwenda kuwawinda nyati Mikumi. Nilitaka kupiga kama ile, niziweke mbili pamoja nimpe zawadi.

Magunia yangu ya mkaa hayakufaa, kwa hiyo nikasema basi angalau nimsafishie ile ya zamani. Ilikuwa na hali mbaya. Imekuwa nyekundu yote kama umeitazama kupitia chupa ya mawese. Picha nyingi za rangi za miaka ile zinakwenda hivyo, kwa sababu katika zile rangi tatu zinazojenga picha, ile ya samawati hufa kwanza hata ukiifungia kwenye bahasha, wekundu unabaki unatamba. Juu kuna ufa, kona imeliwa, na madoa ya ukungu kila mahali, mengi hasa katikati, pale uwanda unapokutana na miti.

Nikaipeleka steshenari. Yule kijana akataka kuiskani upesi upesi kama cheti cha kuzaliwa, nikamwambia hapana, weka 1200, na usinipe ile ya kubana. Akalalamika faili zito. Nikamwongezea mia tano akanyamaza. (Kama mna picha za wazee nyumbani fanyeni hivyo hivyo, na lile faili la kwanza msiliguse, fanyeni kazi kwenye nakala. Mimi sikulifuta kwa bahati tu.)

Siku tatu usiku, badala ya kuandika insha ya semina, nikawa kwenye GIMP. Kwanza rangi, nikashusha nyekundu, nikapandisha samawati na kijani kidogo kidogo mpaka anga likawa anga. Majani nayo nikayapa kijani kizuri, cha kupendeza. Nyati nikawaweka weusi. Kisha nikashika kile kifaa cha muhuri, unachukua kipande kizuri unakigonga juu ya kibaya, nikafuta ufa, nikajenga kona, nikafuta madoa. Doa moja moja. Nilifuta mamia. Mwisho nikaona pembeni kulia kuna kitu cha kahawia kimefifia, hakiko kwenye fokasi, kinaharibu mpangilio. Nikakata. Sasa ikawa picha ya nyati watatu kwenye uwanda wa kijani uliotulia, ungesema kalenda ya benki. Nikaiprinti, nikaitia fremu Kariakoo, nikapanda treni hadi Kilosa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mchumba wangu. Umekonda, hawawapi chakula huko?"

Nikampa. Akavaa miwani. Akaitazama muda mrefu kidogo kuliko nilivyotarajia.

"Inang'aa," akasema. Kisha akauliza, "Wengine umewapeleka wapi?"

"Wengine wepi babu?"

"Wale wa nyuma. Hawa watatu ni wazee, hawa hujitenga. Kundi lilikuwa kule nyuma, chini ya miti. Yule mgeni alitaka kundi, ndiyo maana tulisimama. Lenzi yake ilikuwa fupi."

Nikahisi tumbo linashuka. Akaendelea, wala hakuwa amekasirika, ndiyo iliyoniuma.

"Na majani haya ya wapi? Ilikuwa mwezi wa nane. Mkata mwezi wa nane hakuna kijani. Na nyati hawa walikuwa wametoka kwenye tope, limekaukia, walikuwa wa kijivu." Akageuza fremu kama anatafuta kitu upande wa pili. "Na mkono wangu?"

Kile kitu cha kahawia, wadau, ilikuwa shati la babu. Alikuwa amekaa mbele kwenye Land Rover, mkono ameunyoosha ameshika mlango. Kwa nini ameshika mlango? "Alitaka kushuka apige karibu. Nikamshikia mlango asitoke."

Mimi. Mwenye daftari la "wamefutwa katika historia". Nimemfuta babu yangu mwenyewe kwa sababu hakuwa kwenye fokasi.

Nilirudi chuo nikafungua lile faili la kwanza, nikalivuta mpaka likajaa kioo. Sasa nilikuwa natafuta, sifuti. Ukungu unakaa popote, kwenye anga, kwenye miti, kwenye pembe za nyati, wala haujali. Lakini kwenye ule mstari wa miti yalikuwepo madoa yenye tabia nyingine. Yalikuwa chini tu, hakuna hata moja angani. Yalikuwa marefu kwa upana kuliko kwa kimo. Na kila moja lilikuwa na kijidoa kingine chembamba kimelala kushoto kwake. Nikawaangalia wale madume watatu wa mbele: vivuli vyao vimelala kushoto. Ukungu hauna kivuli! Nikaanza kuhesabu kwa kuweka nukta kwenye nakala. Nilifika 61 ambao nina uhakika nao, na 14 ambao siwezi kusema ni nyati au ni uchafu.

Na hapo ndipo nikaelewa nilichosoma kuhusu Serengeti. Kule watafiti walikuwa wakihesabu nyati hivyo hivyo tangu miaka ya sitini, akina Anthony Sinclair, wanaruka na ndege, wanapiga picha kundi kutoka juu, wanarudi mezani wanahesabu nukta moja moja. Kutoka kwenye nukta zile ndipo ilipoonekana kwamba nyati wanaongezeka kwa kasi, na nyumbu ndio usiseme, kutoka robo milioni hivi mwanzoni mwa miaka ya sitini hadi zaidi ya milioni moja miaka ya sabini. Sababu kubwa ilikuwa chanjo. Ng'ombe wa vijijini walichanjwa, na chanjo nzuri ilitengenezwa na Walter Plowright pale Muguga, Kenya. Sotoka ikakosa pa kujificha, ikawatoka na wanyama wa porini ambao hata hawakuchomwa sindano. Mwaka 2011 ulitangazwa kuwa umekwisha duniani kote, ugonjwa wa pili kumalizwa na binadamu baada ya ndui. Kwa hiyo kundi la nyuma ya madume wa babu, mwaka 1974, halikuwa pambo. Babu wa babu yangu, kama alipita pale Mkata miaka ya 1890, inawezekana kabisa alikuta mifupa.

Kuna rafiki alinishauri nisihangaike, nitumie programu ya akili mnemba, unabonyeza mara moja. Nilijaribu, sitawaficha. Nyati wa mbele alitoka na kope, manyoya yanahesabika, unyevu puani. Mzuri kweli. Ila kwenye picha halisi ana ndege shingoni, wale wanaokula kupe, na programu ilimgeuza ndege kuwa bonge la tope. Zile nukta 61 nyingine ziliyeyuka, nyingine zikawa vichaka. Kope zile hazikuwa za nyati yule, ni za nyati wengine iliowahi kuwaona huko ilikofundishwa. Schillings angeandika nini kwenye ukurasa wake wa kwanza?

Basi nikaanza upya, polepole. Nyekundu nimeiondoa, lakini rangi ya majani nimempigia babu simu mara mbili. Madoa ya angani nimeyafuta, na ufa. Chini ya mstari wa miti sikugusa chochote, hata wale 14. Bega limerudi na mkono umerudi, limefifia hivyo hivyo. Kama picha ya kalenda imeharibika, lile bega linavuta jicho, na chini kumejaa vumbi vumbi. Mshikaji wa Block D kasema ile ya kwanza ilikuwa kali zaidi. Kwa macho ya picha tu, hakosei.

Juzi nimeipeleka. Babu aliweka kidole kwenye mstari wa miti akakipitisha kushoto kwenda kulia, midomo inacheza. Nikamuuliza kati ya wale 14 wangapi ni nyati. Akasema hakumbuki, alikuwa anamtazama mgeni. Ile nyekundu akairudisha kwenye bahasha yake, hataki kuitoa. Hii mpya akaigeuza akasema niandike nyuma, kwa Kiswahili safari hii. Nikatoa penseli, maana wino hupenya. Nikaandika mwezi, mwaka, mahali, nyati, na jina lake kamili. Nilikuwa nafunga daftari akanisimamisha.

"Andika na dereva."

Dereva haonekani popote kwenye picha. Babu akanitajia jina herufi kwa herufi, alifariki zamani, akahakikisha nimeliandika sawasawa, kisha akaomba chai.

Haya, kipindi cha saa nane hicho, na insha ya semina bado sijaandika. Ngoja nikimbie.